SHERIA YA BIMA YA AFYA IKIFUTWA, NANI APATAYE NA NANI AKOSAYE?

Sheria mpya inapotungwa, watu wote huuliza itagharimu kiasi gani. Lakini sheria inapofutwa, ni wachache waulizao neno hilo. Machoni pa wengi kufuta sheria ni kama kuutua mzigo chini: aliyeuchukua hupumzika, na mambo yamekwisha.

Katika sheria za bima ya afya sivyo yalivyo. Mtu aliyelala jana na ugonjwa wa figo ataamka nao kesho, hata kama wabunge wamepiga kura usiku kucha. Sheria ikifutwa, ugonjwa haufutwi pamoja nayo. Mzigo ungalipo vilevile. Kilichobadilika ni bega la kuuchukua. Basi, kila mara tusikiapo kwamba sheria ya namna hiyo yafutwa, swali la kwanza la mtu mwenye busara ni hili: mzigo umetoka bega gani, na umewekwa bega gani?

Juma hili tumeona yafaa kulijibu swali hilo kwa utaratibu, tukitwaa mfano wa nchi ya Marekani. Hatuichagui kwa kuwa mambo yake ni bora kuliko ya wengine. Twaichagua kwa sababu huko jambo hili limetokea waziwazi mara mbili: mwaka 1989 sheria ilifutwa kweli, na mwaka 2017 sheria nyingine ilinusurika kwa kura chache sana. Hesabu zake zimeandikwa, nasi twaweza kujifunza kwazo.

MAANA YA BIMA

Wazee wetu waliijua maana ya bima kabla ya kulijua neno lenyewe. Katika vijiji vingi watu huchanga kwa ajili ya mazishi. Kila nyumba hutoa kidogo, na nyumba iliyofiwa hupewa kingi. Nyumba isiyofiwa mwaka huu hairudishiwi kitu, wala hailalamiki kwamba imeibiwa. Imepata jambo moja kubwa: siku msiba utakapobisha hodi mlangoni pake, haitakuwa peke yake.

Bima ya afya ni hivyo hivyo. Kila mwaka ina watu wa namna mbili. Wako wanaotoa kuliko wanavyopokea: hao ndio wazima, vijana, na wenye mapato makubwa. Wako wanaopokea kuliko wanavyotoa: hao ndio wagonjwa, wazee, akina mama wajawazito, na wenye mapato madogo. Bima ikivunjwa, wale wa kwanza hupata nafuu siku ile ile, maana fedha yabaki mfukoni. Wale wa pili hupata hasara. Hesabu hii ni nyepesi, hata mtoto wa shule aweza kuifanya.

Ugumu wake ni kwamba watu hawakai siku zote katika fungu moja. Hujafa hujaumbika. Kijana wa leo ni mzee wa kesho, na mwenye afya asubuhi aweza kuletwa hospitali jioni akiwa amevunjika mguu. Mtu aipigiaye makofi kazi ya kuvunja bima hupiga hesabu ya mwaka mmoja tu wa maisha yake.

SHERIA ILIYOISHI MIEZI 17

Huko Marekani, mwaka 1965, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoanzisha bima ya Serikali kwa ajili ya wazee wa miaka 65 na zaidi. Bima hiyo huitwa Medicare. Ilikuwa msaada mkubwa, walakini ilikuwa na matundu. Mzee akikaa hospitali muda mrefu, tangu siku ya 61 alianza kulipa sehemu ya gharama kila siku, na siku zake za bima zikiisha alibaki peke yake. Malipo ya madaktari hayakuwa na kikomo kwa upande wa mgonjwa. Dawa za kunywa nyumbani, kwa kawaida, hazikulipiwa kabisa.

Tarehe 1 Julai 1988, Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria ya kuyaziba matundu hayo. Waziri wake wa afya, Otis Bowen, ambaye mwenyewe alikuwa daktari, ndiye aliyeisukuma shughuli hiyo tangu mwanzo. Kwa sheria hiyo, mgonjwa angelipa mara moja tu kwa mwaka fungu la kwanza la gharama za hospitali, yaani dola 560 mwaka 1989, kisha siku zote zilizobaki zingelipwa na bima. Tangu mwaka 1990 malipo yake kwa madaktari yasingepita dola 1,370 kwa mwaka. Na tangu mwaka 1991 bima ingeanza kusaidia gharama za dawa, baada ya mgonjwa kulipa mwenyewe dola 600.

Je, fedha ingetoka wapi? Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Iliamriwa kwamba wazee wenyewe ndio watakaolipa, wala si wafanyakazi vijana. Karibu wote wangeongeza dola 4 kwa mwezi. Juu ya hayo, wale wenye mapato ya kutosha kulipa kodi ya mapato wangeongeza fungu lingine kwa kadiri ya kodi yao, lisizidi dola 800 kwa mtu mmoja mwaka 1989, yaani dola 1,600 kwa mume na mke. Wazee wapatao 40 katika kila 100 wangeguswa na nyongeza hiyo, lakini waliofikia kiwango cha juu kabisa walikuwa yapata 5 tu katika 100.

Basi, fitina na hofu zikaingia kati. Barua zilisambazwa nchini kote kuwaonya wazee juu ya kodi mpya, na wengi ambao hawangelipa hata senti moja ya ile nyongeza waliamini kwamba watatozwa dola 800 kila mmoja. Wengine, waliokuwa na bima nzuri kutoka kwa waajiri wao wa zamani, waliuliza kwa haki kabisa: mbona twalipishwa kwa kitu tulicho nacho tayari? Tena malipo yalianza kudaiwa mwaka 1989, hali msaada wa dawa ulikuwa bado njiani. Watu waliona mkono unaotwaa kabla ya kuuona mkono unaotoa. Mwezi Agosti 1989, mjini Chicago, wazee wenye hasira walilizunguka gari la mbunge Dan Rostenkowski, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya kodi, hata ikambidi ashuke na kwenda zake kwa miguu.

Wabunge waliogopa. Tarehe 4 Oktoba 1989 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 360 kwa 66 kuifuta sheria hiyo. Baraza la Seneti lilitaka kuiondoa ile nyongeza ya kodi na kuuacha msaada wa hospitali, lakini mwishowe lilikubali. Tarehe 13 Desemba 1989, Rais George Bush, mrithi wa Reagan, alitia sahihi. Sheria ilikuwa imeishi miezi 17.

NANI ALIPATA, NANI ALIKOSA?

Walipata wazee wenye mali, ambao waliondolewa ile nyongeza ya kodi na bado walikuwa na bima zao nyingine. Hao ndio waliosikika zaidi.

Walikosa wazee wa katikati: wale wasio maskini wa kutosha kupata bima ya Serikali ya mafukara, wala si matajiri wa kutosha kununua bima ya nyongeza. Mtu wa namna hiyo angelipa zile dola 4 kwa mwezi, naye angelindwa na gharama kubwa zote tulizozitaja. Sheria ilipofutwa, akaokoa dola 4 na kupoteza ulinzi wote. Wengi wao hawakujua hata kwamba wamepoteza kitu. Nao wale walionunua bima ya nyongeza katika kampuni za watu binafsi waliona ada zikipanda mwaka 1990, maana matundu ya zamani yalikuwa yamefunguliwa tena, na mtu fulani hana budi kuyaziba.

Hasara kubwa kuliko zote ilikuwa ya dawa. Msaada ule uliokuwa uanze mwaka 1991 haukuanza. Ilipasa wazee wangoje hadi sheria ya mwaka 2003, nayo ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2006. Hesabu mwenyewe, msomaji: ni miaka 15. Mzee wa miaka 70 aliyetazamia dawa mwaka 1991 angekuwa na miaka 85 zilipofika. Na kikomo cha fedha ambazo mzee hutoa mwenyewe kwa dawa kwa mwaka mzima, yaani dola 2,000, kilianza mwaka 2025 tu, kwa sheria ya mwaka 2022.

Hata hivyo si yote yaliyokufa. Vifungu vilivyowasaidia wazee fukara kulipiwa michango ya Medicare, vilivyomlinda mke au mume asiachwe mikono mitupu mwenzake anapotunzwa katika nyumba ya wagonjwa, na vilivyowapa matibabu akina mama wajawazito na watoto wachanga wa maskini, vilibaki. Havikutegemea ile nyongeza iliyochukiwa, na hakuna aliyelizunguka gari la mtu kwa sababu yavyo.

MARA YA PILI: MWAKA 2017

Tarehe 23 Machi 2010, Rais Barack Obama alitia sahihi sheria nyingine, kubwa kuliko ile. Wakati huo Wamarekani wapatao 16 katika kila 100 hawakuwa na bima yoyote. Sheria hiyo ilizikataza kampuni za bima kumkataa mtu au kumwongezea ada kwa sababu alikuwa mgonjwa tayari. Iliruhusu vijana kukaa katika bima ya wazazi hadi wafikie miaka 26. Ilipanua bima ya maskini, iitwayo Medicaid, ingawa Mahakama Kuu ya nchi iliamua mwaka 2012 kwamba kila jimbo lina hiari katika jambo hilo. Ilitoa msaada wa kupunguza ada kwa wenye mapato madogo na ya wastani. Fedha yake ilitoka kwa sehemu katika kodi mpya juu ya wenye mapato yapitayo dola 200,000 kwa mwaka, au dola 250,000 kwa mume na mke. Kufikia mwaka 2023, wasio na bima walikuwa yapata 8 katika 100.

Yafaa tuwe waadilifu: sheria hiyo nayo ilikuwa na waliokosa. Mtu aliyepata fedha kidogo tu kupita kiwango cha kupewa msaada alilazimika kulipa ada nzima, nayo ilikuwa kubwa. Kijana mzima wa afya alilipa zaidi ili mzee alipe pungufu. Malalamiko yao hayakuwa ya uongo, wala hatuwezi kuyadharau.

Mwaka 2017 wapinzani wa sheria hiyo walishika madaraka yote mawili, ya Rais na ya Bunge, wakataka kuifuta. Hapo wataalamu wa hesabu wa Bunge, ambao hawana chama, walitoa makadirio yao ya mwezi Machi. Twawaomba wasomaji wayatazame kwa makini, maana somo lote limo humo.

Mtwae kijana wa miaka 21 mwenye mapato ya dola 68,200 kwa mwaka. Kwa sheria ya Obama ilikadiriwa kwamba mwaka 2026 angelipa ada ya dola 5,100. Kwa mswada mpya angelipa dola 1,450. Huyo angepata faida, tena faida nzuri. Sasa mtwae mzee wa miaka 64 mwenye mapato ya dola 26,500. Kwa sheria ya Obama angelipa dola 1,700, kwa sababu ya ule msaada. Kwa mswada mpya angelipa dola 14,600. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mapato yake yote. Kusema kweli, mtu wa namna hiyo asingelipa. Angeishi bila bima mpaka afikie umri wa Medicare, akiomba asiugue.

Tarehe 4 Mei 2017 Baraza la Wawakilishi liliupitisha mswada huo, baada ya kuubadili hapa na pale, kwa kura 217 kwa 213. Wataalamu wakakadiria kwamba ukiwa sheria, watu milioni 23 zaidi wangekuwa bila bima mwaka 2026. Hazina ya Serikali ingepunguziwa nakisi ya dola bilioni 119 katika miaka 10. Nazo zile kodi za wenye mapato makubwa zingeondolewa.

Jambo lilipofika katika Seneti, lilikwama. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2017, kura zilikuwa 49 za kukubali na 51 za kukataa. Kura iliyokumbukwa zaidi ni ya Seneta John McCain wa Arizona, wa chama kile kile kilichotaka kufuta. Mtu huyo mwaka 1989 alikuwa miongoni mwa walioongoza jitihada ya kuiondoa ile nyongeza ya kodi ya wazee.

Mambo hayakuishia hapo. Sheria isiyofutwa kwa kura moja yaweza kupunguzwa kipande kwa kipande. Tarehe 4 Julai 2025 ilitiwa sahihi sheria iliyopunguza fedha za Medicaid na kuongeza masharti yake. Wataalamu wale wale walikadiria kwamba kwa sababu yake watu milioni 10 zaidi watakosa bima ifikapo mwaka 2034. Na msaada wa ada uliokuwa umeongezwa tangu mwaka 2021 uliachwa uishe mwishoni mwa mwaka 2025.

MWENYE HASARA ASIYEONEKANA

Kuna mwingine akosaye, ambaye watu humsahau: hospitali yenyewe, na hasa hospitali ndogo ya shamba. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 yaziamuru hospitali zenye chumba cha wagonjwa wa dharura kumpima na kumtuliza kila aletwaye hali mahututi, awe na fedha au asiwe nayo. Sheria hiyo ni ya haki, lakini haiweki mlipaji. Wasio na bima wakizidi, deni lisilolipika nalo huzidi. Hospitali kubwa ya mjini yaweza kulifidia kwa wagonjwa wengine. Hospitali ya shamba hupunguza kazi, na hata kufunga wodi ya wazazi. Hapo hukosa hata yule tajiri wa kijiji mwenye bima nzuri, maana kadi ya bima haimzalishi mtu mahali pasipo na mkunga.

NASI JE?

Mambo haya si ya mbali nasi. Nchini Kenya, mfuko wa bima ya hospitali uliokuwapo tangu mwaka 1966 uliondolewa, na tangu 1 Oktoba 2024 mahali pake pameshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Hapo zamani mtu wa mshahara hakulipa zaidi ya shilingi 1,700 za Kenya kwa mwezi, hata awe na mshahara mnono namna gani. Sasa hutoa asilimia 2.75 ya mapato yake bila kikomo. Mwenye mshahara wa shilingi 100,000 sasa hutoa 2,750. Asiye na ajira ya mshahara hulipa kwa kadiri ya mapato anayokadiriwa, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Waona kwamba hapo pia mzigo umehama bega. Nchini Tanzania, Bunge lilipitisha mwaka 2023 sheria ya bima ya afya kwa wote. Sheria hizi zitapata sifa na lawama, na siku moja huenda atatokea mtu wa kusema zifutwe au zibadilishwe. Hatusemi kwamba sheria yoyote ya bima isiguswe kamwe. Sheria mbaya na irekebishwe, na mfuko unaoliwa na wezi na usafishwe. Twasema tu kwamba mtu asikubali wala asikatae kabla ya kufanya hesabu.

Tena tujihadhari na kelele. Mwenye kutozwa hupiga kelele, maana huiona fedha yake ikitoka mwisho wa mwezi. Mwenye kulindwa hukaa kimya, maana ulinzi hauonekani mpaka siku ya kuugua, na siku hiyo hana nguvu za kwenda kulizunguka gari la mbunge. Ndivyo ilivyokuwa Chicago. Wabunge waliwasikia waliosimama barabarani. Waliolala vitandani hawakusikika.

Kwa hiyo twawaachia wazazi na vijana wao maswali manne, wayazungumze nyumbani jioni. Kwanza, sheria hii ikiondolewa, ni nani atakayebaki na fedha mfukoni, na kiasi gani? Pili, ni nani atakayeugua bila mlipaji, na ugonjwa wake utatibiwa na nani? Tatu, kitakachowekwa mahali pake kimekwisha kuandikwa, au ni ahadi tu? Maana msaada wa dawa ulipofutwa mwaka 1989 hapakuwekwa kitu mahali pake, nao wazee wa Marekani waliupata baada ya wengi wao kuzikwa. Nne, mimi mwenyewe niko fungu gani leo, na baada ya miaka 30 nitakuwa fungu gani?

Swali hili la nne lijibiwe bila haraka. Baba mwenye nguvu ajiweke mahali pa mama yake mzee, na kijana ajiweke mahali pa baba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini kitanda cha hospitali, wengi wetu tutakilalia kwa zamu.